Kipaji, Kipaji! Na Kazi Je?

Kuna neno moja linalotembea katika paroki zetu, nasi tumechoka kulisikia. Kijana akisema, "Nataka kujifunza kuandika riwaya," wakubwa hucheka kidogo, kisha humjibu: "Mwanangu, hiyo haifundishwi. Ni kipaji. Aliyezaliwa nacho ataandika. Asiyezaliwa nacho ataharibu kartasi bure." Basi kijana hufunga daftari lake, na habari yake inaishia hapo.

Leo tunataka kulipinga neno hilo waziwazi. Tunasema kwamba ni neno la uvivu lililovaa kanzu ya hekima. Tunasema tena kwamba linatuletea hasara kubwa, maana kwa sababu yake wazee wetu wanazikwa na habari zao, na watoto wetu wanasoma maisha ya watu wengine tu.

Nani amepata kumwambia mtoto wa seremala kwamba kupiga randa ni kipaji? Mtoto huwekwa karibu na baba yake. Mwaka wa kwanza anafagia takataka za mbao. Mwaka wa pili anashika msumeno, anakata kombo, anagombezwa, anakata tena. Mwaka wa tano anatengeneza kiti, na watu wanakikalia bila kuanguka. Labda mwenzake ana jicho zuri kuliko yeye. Ndiyo, vipawa havilingani, Mungu hakutugawia wote kwa kipimo kimoja. Lakini hakuna kiti kilichotengenezwa na jicho peke yake. Ni hivyo hivyo kwa mvuvi wa Tanganyika: hakuzaliwa akijua kushona wavu wala kusoma upepo. Alifundishwa, akakosea, akarudia. Kwa nini basi kazi ya kalamu peke yake iachiwe bahati?

MTU WA UKEREWE

Wanaotaka ushuhuda, tuwape habari ya mtu mmoja aliyefanana nasi. Jina lake Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akaishi katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa Viktoria, upande wa Tanzania ya leo. Alisomeshwa na wamisionari, akaingia seminari ya Rubya, akajifunza Kilatini na mengine, lakini hakupata upadri. Alirudi kwao, akaoa, akafanya kazi kama watu wengine.

Mtu huyu hakuwa na mwalimu wa riwaya. Katika lugha yake, Kikerewe, hapakuwa na riwaya ya kuiga. Alikuwa na nini basi? Alikuwa na masikio, macho na uvumilivu. Alisikiliza wazee, akaandika namna watu wa zamani walivyolima, walivyovua, walivyotibu wagonjwa, walivyopokea wageni, walivyogombana na walivyopatana. Mwaka 1945 alimaliza hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na mke wake Bugonoka. Hao ni mume na mke wanaopendana, lakini hawapati mtoto. Ndugu za mume wanamsema mke vibaya, wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume anafunga safari kwenda kwa wakwe kumtafuta, na kumrudisha si kazi ya siku moja.

Je, alipata wa kumchapia kitabu? La. Wanaosoma Kikerewe ni wachache, na hakuna aliyetaka kutia fedha yake pale. Padri mmoja mmisionari alishika kazi ya kukigeuza kwa Kifaransa, lakini tafsiri hiyo haikufika kwenye mtambo wa kuchapa. Miaka ikapita. Kitereza alipokwisha kuvuka miaka 70, alikaa tena chini, akakigeuza kitabu chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Kilitolewa na Tanzania Publishing House, nacho kina mwaka 1980. Yeye mwenyewe akafa mwaka 1981. Hesabuni, ndugu: tangu 1945 mpaka 1980 ni miaka 35. Leo kitabu kile kinasomwa hata kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Gabriel Ruhumbika iliyotoka mwaka 2002.

Mtasema: "Huyo alikuwa na kipaji." Haya, tukubali. Lakini ni kipaji gani kilichomkalisha mzee yule mezani kuandika mara ya pili mamia ya kurasa alizokwisha kuziandika? Ile ilikuwa kazi, kama kulima shamba mara ya pili baada ya mvua kubwa kubeba mbegu za kwanza.

NA KWETU KONGO JE?

Wasituambie kwamba hayo ni mambo ya Ukerewe, hayatuhusu. Stefano Kaoze, mwana wa nchi hii ya Tanganyika, alipata upadri mwaka 1917 huko Baudouinville, ndipo Kirungu ya leo, karibu na Moba. Ni padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati zetu. Lakini kabla ya upadri, akiwa bado mseminari, alikwisha kuandika juu ya mawazo na desturi za watu wake, na maandiko yake yalichapwa katika Revue Congolaise kati ya 1910 na 1911. Haikuwa riwaya, ni kweli. Lakini inaonyesha kwamba kalamu si kitu kigeni katika nchi yetu.

Mwaka 1948 Paul Lomami Tchibamba alitoa Ngando, hadithi ya mtoto wa mjini aliyechukuliwa na mamba, na baba anayetaka kumwokoa. Kitabu hicho kilipata tuzo huko Bruxelles. Baadaye Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliandika juu ya padri anayewaendea waasi porini. Ni kitabu Entre les eaux cha mwaka 1973. Zamenga Batukezanga naye alisomwa sana mitaani Kinshasa, na vitabu vyake vingi vilitolewa na wachapaji wa Mtakatifu Paulo.

Basi watu tunao. Lakini tazameni: hao wote tuliowataja waliandika riwaya zao kwa Kifaransa. Hatuwalaumu, waliandika kwa lugha waliyosomea. Tunauliza tu: mama anayeuza ndagala sokoni Kalemie, anayeongea Kiswahili tangu asubuhi mpaka usiku, anayesoma Kiswahili katika kitabu chake cha sala, yeye atasoma riwaya gani ya nchi yake? Hapo ndipo ninyi vijana mnapohitajiwa, na hapo ndipo neno lile la "kipaji" linapotuumiza zaidi.

PETRO MLEVI

Sasa tugeuke upande wa pili, maana wazee si wenye kosa peke yao. Wako vijana wanaoandika. Wanaleta madaftari yao, nasi tunayasoma. Mengi yana ugonjwa mmoja: si hadithi, ni mahubiri yaliyopewa majina ya watu. Tazameni mfano huu, tulioutunga wenyewe ili tusimwaibishe mtu:

"Petro alikuwa mlevi mbaya. Ulevi huharibu nyumba. Kila siku alimpiga mke wake na kupoteza fedha. Mwisho alikufa vibaya, na watu wote walijua kwamba pombe ni adui."

Kuna uongo gani hapa? Hakuna. Yote ni kweli, na ndiyo sababu hakuna anayejali. Petro huyu hatukumwona. Hatujui shati lake, hatujui sauti yake, hatujui alikuwa akifikiri nini. Mwandishi alimhukumu kabla hajatutambulisha kwake. Mlevi akisoma maneno haya atasema, "Huyo si mimi," kisha atakwenda kunywa.

Sasa tumwandike Petro yule yule namna nyingine:

"Petro alifika pwani kabla ya jua. Usiku ule ndagala walikuwa wengi, akauza mabeseni matatu. Akatia noti katika mfuko wa shati, akafunga kifungo. Alipita mbele ya nyumba ya muuza lutuku bila kugeuza kichwa, akihesabu hatua zake. Alipofika hatua ya kumi akakumbuka kwamba anadaiwa pale, na mtu wa heshima hulipa deni lake. Akarudi kulipa deni. Jua lilipokuwa juu ya vichwa, mtoto wake mkubwa alisikia wimbo wa baba yake toka mbali. Akachukua sufuria mpya ya mama yake, akaenda kuificha nyuma ya nyumba, chini ya majani ya mihogo."

Je, tumesema mahali popote kwamba pombe ni mbaya? Hatukusema. Lakini msomaji ameiona ile sufuria, naye anajiuliza: ile ya zamani ilikwenda wapi? Amejua mwenyewe, bila sisi kumwambia. Tena mlevi akisoma habari ya deni la heshima, hawezi kusema, "Huyo si mimi." Analijua deni lile. Amelilipa mara nyingi.

Hii ndiyo tofauti kati ya mahubiri na riwaya. Sisi tunaofundisha dini tunaijua kazi ya mahubiri, wala hatuidharau. Mahubiri yana mahali pake na saa yake. Lakini anayehubiri ndani ya riwaya anafanya kama mtu anayemkaribisha mgeni kula, kisha anasimama mlangoni kumweleza faida ya chakula mpaka bukari inapoa.

Tena tuseme jambo zito zaidi. Kumwandika mtu kama mfano wa dhambi tu ni kumkosea haki. Jirani yako mlevi si ulevi. Ni mtu, ana deni lake, ana wimbo wake, ana mtoto anayeficha sufuria. Kujifunza riwaya ni kujifunza kumtazama jirani kwa muda mrefu kabla ya kufungua kinywa. Kama hilo si zoezi zuri kwa Mkristu, basi hatujui zoezi zuri ni lipi.

"RIWAYA NI UONGO"

Wako wengine wanaotuambia: "Riwaya ni habari za kubuni, maana yake ni uongo. Mkristu asome maisha ya watakatifu, inatosha." Maisha ya watakatifu tunayapenda, na tunawahimiza muyasome. Lakini hao wanaotukataza, tunawauliza swali moja. Yule baba mwenye watoto wawili, ambaye mdogo wao alitaka urithi akaenda nchi ya mbali, jina lake limo katika kitabu gani cha ubatizo? Kijiji chake kilikuwa wapi? Bwana wetu Yezu Kristu alitoa mfano, yaani alitunga hadithi. Nani atathubutu kusema kwamba alidanganya? Mwongo ni yule anayetaka usadiki jambo lisilotokea. Mtunzi wa riwaya hakudanganyi. Ninyi wawili mnajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba ni mfano.

Tena tazameni namna hadithi ile ilivyotengenezwa, maana kwa mwanafunzi wa riwaya ni shule kamili. Hatupewi mafundisho marefu juu ya njaa. Tunamwona kijana anatamani chakula cha nguruwe. Hatupewi mafundisho marefu juu ya msamaha. Tunamwona mzee anakimbia njiani, halafu tunaona vazi, pete na viatu. Na yule mkubwa aliyekataa kuingia, je, mwisho aliingia? Hatuambiwi. Hadithi inatuacha nje naye, tunasikia muziki toka ndani, na kila mmoja ajibu mwenyewe. Mtunzi mwanafunzi angeongeza mistari kumi kutueleza. Hapo hapakuongezwa hata mmoja.

"MSIANDIKE DHAMBI"

Wa tatu wanasema: "Haya, andikeni, lakini mambo mabaya yasiwemo." Tunawaelewa, ni wazazi, wanawaogopea watoto. Nasi pia tunakataa vitabu vinavyouza uchafu kwa ajili ya fedha. Lakini riwaya isiyo na dhambi itaeleza watu wa nchi gani? Hata Maandiko Matakatifu hayakuficha habari ya mfalme Daudi na mke wa Uria.

Euphrase Kezilahabi, mwana mwingine wa Ukerewe, naye alisoma seminari. Mwaka 1971 alitoa Rosa Mistika, riwaya ya Kiswahili juu ya binti aliyelelewa kwa ukali mkubwa na baba mlevi, kisha akaenda shule mbali na kwao, akapotea, akafa kwa mkono wake mwenyewe. Watu walikasirika, na kwa muda kitabu kilikatazwa mashuleni. Baadaye kiliruhusiwa, kikasomeshwa. Walioogopa waliona dhambi za Rosa. Je, walimwona Zakaria baba yake? Mwandishi anauliza wazi: fimbo ya baba ilimlinda binti, au ilimsukuma? Swali hilo lina faida kwa kila mzazi wa paroki zetu. Lingeulizwa namna gani kama tungeambiwa tu kwamba Rosa alikuwa msichana mbaya?

Na ile riwaya ya Mudimbe tuliyoitaja, juu ya padri mwenye mashaka makubwa, mwaka 1975 ilipewa tuzo kuu ya Kikatoliki ya fasihi huko Ufaransa. Basi wasituambie kwamba Ukatoliki unataka vitabu vya malaika tu. Kanuni yetu ni hii: onyesha dhambi pamoja na bei yake, na onyesha nani anailipa. Mara nyingi anayelipa si yule aliyetenda. Usiifanye tamu, wala usiifanye kichekesho. Kisha mwachie msomaji dhamiri yake; naye anayo kama wewe.

"KISWAHILI CHETU NI CHA KUVUNJIKA"

Hapa tunasikia aibu ya vijana wenyewe. Wanasema Kiswahili kizuri kiko Zanzibar na Dar es Salaam, sisi wa Kongo tunasema cha kuvunjika, heri tunyamaze. Ndugu, aibu hiyo mtaibeba mpaka lini? Shaaban Robert, mtu wa Tanga, tunamheshimu. Aliyeandika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni mwalimu wetu sote. Lakini mwalimu si polisi. Jifunzeni sarufi kwake na kwa wenzake, ndiyo, maana fundi asiyenoa chombo chake ni mzembe. Mwandishi anaposema kwa sauti yake, na atumie Kiswahili kinachoeleweka toka Lubumbashi mpaka Mombasa. Lakini mama wa Kalemie anapofungua kinywa ndani ya kitabu, mwacheni aseme kama mama wa Kalemie. Apike bukari na sombe, asipike ugali na kisamvu. Ukimpa maneno ya Unguja, umemvika nguo ya kuazima, na kila jirani atajua.

"HATUNA WAKATI"

Georges Bernanos, Mfaransa mkatoliki, alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima, akisafiri huku na huku, tena baba wa watoto sita. Alizoea kuandika katika treni na katika nyumba za kahawa. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kitabu chake cha kwanza kikubwa, Sous le soleil de Satan, kilichotoka mwaka 1926. Hakungojea chumba kimya.

Hebu tupige hesabu kidogo. Ukurasa mmoja kila siku, isipokuwa Jumapili, ni kurasa 6 kwa juma, na kwa mwaka zaidi ya 300. Hicho ni kitabu. Ukurasa mmoja ni mdogo kuliko muda tunaoupoteza kila jioni tukitazama simu. Hatusemi kwamba kila mtu anaweza. Mama mwenye kulima, kupika na kubeba maji ana haki ya kutuambia kwamba siku yake imejaa. Lakini kijana anayecheza karata toka saa tisa mpaka jua linatua, huyo asituambie neno.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Kukataa neno la wengine hakutoshi kama hatuonyeshi njia. Basi, anayetaka kujifunza, ashike mambo haya matano.

Kwanza, asome kama seremala anavyotazama kiti cha mwenzake. Seremala hasemi tu, "Kizuri." Anakipindua, anatafuta mahali mbao zinaposhikana. Wewe nawe soma riwaya mara mbili. Mara ya kwanza furahi. Mara ya pili uliza: habari hii niliambiwa lini, na kwa nini si mapema zaidi? Mtu huyu nilimpenda kwa neno gani, kwa tendo gani?

Pili, aanze na kidogo. Usianze na maisha ya ukoo mzima toka babu mpaka mjukuu. Andika saa moja ya mtu mmoja: mama anayengojea mtumbwi usiku wa upepo, mwalimu asiyepata mshahara wake anayeingia kalasi kufundisha hesabu. Anayeweza kuandika saa moja vizuri, siku moja ataandika miaka kumi.

Tatu, ajue nani anatazama. Kama umeamua kwamba habari inaonekana kwa macho ya mtoto, basi usituambie siri ambazo mtoto hawezi kuzijua. Chagua dirisha moja, tazama kwa hilo, usikimbie kila mara toka chumba mpaka chumba.

Nne, ampe kila mtu sababu yake, hata mwovu. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akisema, "Leo nitakuwa mbaya." Mwizi ana sababu, mchawi wa kusingiziwa ana sababu, na anayemsingizia anayo pia. Usipoijua sababu yake, usimwandike bado. Nenda kwanza ukasikilize watu.

Tano, aandike tena. Mfaransa Gustave Flaubert alikaa karibu miaka mitano juu ya Madame Bovary, toka 1851 mpaka 1856, akisoma sentensi zake kwa sauti kubwa ili sikio lihukumu. Kitereza tumekwisha kumtaja. Yule anayesema, "Nimemaliza," siku ile ile aliyoweka nukta ya mwisho, hajaanza.

TUNALOTAKA PAROKINI

Tena kujifunza peke yako ni vigumu. Kwaya ina mazoezi yake, timu ya mpira ina mazoezi yake. Kwa nini wanaoandika wasiwe na yao? Tunashauri kila paroki itenge Jumapili moja katika mwezi, baada ya Misa, watu wanne au watano wakae chini ya mwembe, kila mmoja na ukurasa mmoja, asome kwa sauti mbele ya wenzake. Na kanuni iwe hii: ni marufuku kusema "vizuri" au "vibaya" bila kuonyesha neno lililokufanya useme hivyo. Mzee mmoja wa kijiji akaribishwe daima, si kwa kupewa kiti tu, bali kwa kuulizwa: "Mzee, enzi zenu mtu alifanyaje hapa? Alisemaje?" Vitabu ni ghali, tunajua, basi kitabu kimoja kiwe cha wote, kizunguke nyumba kwa nyumba, na kirudi bila mafuta ya samaki juu yake.

Tunasema haya kwa haraka, kwa kuwa wakati haungoji. Wazee wanaokumbuka namna binti alivyochumbiwa kabla ya mahari kuhesabiwa kwa noti, namna mitumbwi ilivyovuka ziwa bila mashine, namna vijiji vilivyokimbia vita na namna vilivyorudi, wanapungua kila mwaka. Hatuwezi kuwazuia kufa. Tunaweza kuwasikiliza wakingali hai, na kuwapa watu wetu vitabu ambamo watajiona. Kama Kitereza hangekaa chini, Myombekere na Bugonoka wangalikuwa wamekufa naye, na hata sisi huku ng'ambo tusingewajua.

Basi, wazee wetu wapenzi, tunawaomba jambo moja. Kijana atakapokuja na daftari lake mkononi na aibu usoni, msimwambie habari ya kipaji. Mkalisheni karibu nanyi, halafu mwulizeni: "Ukurasa wa leo uko wapi? Tusomee."